Gofu kwa wanaoanza Unguja na Pemba: mita 50 za mwisho, na namna ya kuamua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nikiwa karibu na grini, yaani yale majani mafupi kabisa yanayozunguka shimo, nitumie fimbo gani? Mbona mpira wangu hupita grini nzima ukaangukia ng'ambo? Kwenye banka, lile bonde la mchanga, natoka vipi? Swali la kupiga mbali nalo huulizwa sana, lakini humu halimo. Mwongozo huu ni wa mita 50 za mwisho tu, mahali ambapo kijana mwenye misuli na bibi wa miaka 60 wanakuwa sawa, na mara nyingi bibi akawa mbele.

Jambo moja nalishikilia kuliko mengine yote: ukikaribia shimo, chagua mkwaju ambao ukiukosea hautakuumiza sana. Hatua zote za hapa chini zinatokana na hilo.

Nimeandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kama wewe ni mashoto, geuza pande.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Fimbo tano zinatosha: aini 7 na aini 9 (fimbo za chuma; nambari ikipanda, uso hulala zaidi na mpira huruka juu zaidi), weji ya kawaida na weji ya mchanga ya digrii 54 au 56 (weji ni fimbo ya uso uliolala kuliko aini, na digrii ndizo kipimo cha kulala huko), na fimbo ya kusukumia. Kanuni zinaruhusu hadi fimbo 14 mkobani, lakini hazikulazimishi. Seti iliyotumika ni rahisi zaidi na inafaa kabisa.
- Mipira kumi hivi, hata ikiwa imechubuka. Kwa mazoezi ya uani tafuta ya plastiki yenye matundu.
- Kamba ya makumbi ya urefu wa mita mbili au tatu. Utaitandika chini ikuonyeshe mstari.
- Kifuu cha nazi. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kifuu kikubwa hakipishani nalo sana.
- Kanga kuukuu au gunia, la kutandika mahali unapotaka mpira uangukie.
- Daftari, au simu yenye chaji.

Uwanja je? Upande wa Mangapwani pale hoteli ya Sea Cliff pana uwanja wa mashimo 9. Piga simu kwanza uulize taratibu na malipo. Wanaovuka kwa boti kwenda Dar es Salaam wana Gymkhana na Lugalo. Lakini sehemu kubwa ya kazi iliyomo humu haihitaji uwanja. Inahitaji pwani wakati maji yamekupwa, ua, na sebule yenye zulia. Mhispania Seve Ballesteros alijifunza kwenye mchanga wa pwani ya Pedreña akiwa na aini 3 moja kuukuu, na baadaye akachukua ubingwa wa The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mara tatu: 1979, 1984 na 1988. Aliye Pemba basi asijione yuko mbali na mchezo; Vitongoji ina mchanga.

Tahadhari kabla hujatoa fimbo. Pwani ya mashariki, kuanzia Bwejuu hadi Jambiani, maji yakikupwa kina mama wako kwenye mwani. Usipige kuelekea kwao hata kama unaona wako mbali. Mikwaju ya nguvu usiifanye kabisa pwani wala kwenye viwanja vya wazi kama Mnazi Mmoja, ambako watoto wanacheza mpira. Na kila mpira uliopiga uokote, kwani bahari haina haja na plastiki yako.

1. Anza na kusukuma, na uanze karibu

Tandika kamba kwenye zulia au sakafu, iwe imenyooka kuelekea kwenye kifuu kilicholazwa ubavu. Simama hatua moja kutoka kifuuni. Macho yawe juu ya mpira, mabega yafanye kazi, viganja vitulie. Fimbo irudi nyuma kidogo na iende mbele kwa kiasi hicho hicho. Kamba itakwambia kama uso wa fimbo unapinda.

Mkeka wa ukindu haufai kwa zoezi hili, mpira unarukaruka kwenye misuko. Zulia la mswala nalo liache kwa kazi yake.

Ukishazoea hatua moja, badilisha kifuu uweke bilauri ya plastiki, ambayo mdomo wake ni mwembamba zaidi. Siku utakayorudi kwenye shimo la kweli litaonekana pana.

2. Jifunze umbali kabla ya mstari

Anayeanza akiwa mbali hupoteza dakika nzima akichungulia mpira utapinda kushoto au kulia, kisha anausukuma ukaishia katikati ya safari. Mstari aliuona sawasawa, ila umbali umemshinda.

Fanya hivi: weka alama hatua 4, 8 na 12. Sukuma mpira mmoja kila alama, ukiwa huna shimo la kulenga. Kisha rudi nyuma: 12, 8, 4. Lengo ni kusimama ndani ya hatua moja ya alama. Kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji zoezi hili linawezekana vizuri sana, ila jua kwamba grini ni nyepesi zaidi, mpira hukimbia.

Usijiumize moyo kwa mipira inayokataa kuingia. Hata wachezaji wa PGA Tour, wale wa kulipwa wa Marekani, kutoka futi 8, yaani mita mbili na nusu hivi, huingiza karibu nusu tu. Kwako wewe kutoka mbali kazi ni moja: mikwaju miwili, umemaliza.

Kuhusu kusoma mteremko, simama upande wa chini wa shimo na ujiulize mvua ya masika ikinyesha hapa maji yatakwenda wapi. Utasikia watu wakisema mpira daima huvutwa na bahari. Bahari haivuti kitu. Ni kwamba viwanja vya pwani mara nyingi huteremka kuelekea huko. Kitu kingine cha kutazama ni majani. Majani ya nchi za joto hulala upande mmoja: ukiyaona yanang'aa, yamelala kuelekea unakokwenda na mpira utakimbia, ukiyaona yamekolea rangi, yanakukabili, ongeza nguvu.

3. Mkwaju wa chini, ulio mama wa yote

Huu ndio mkwaju wa kujifunza kuliko wote: mpira uko nje kidogo ya grini, unaruka kidogo, unaangukia kwenye grini, kisha unabingirika hadi shimoni.

Miguu iwe karibu, nafasi ya kiatu kimoja baina yao. Uzito uegemee mguu wa kushoto na ubaki hapo mwanzo hadi mwisho. Mpira katikati ya miguu au nyuma yake kidogo. Mikono itangulie mpira kidogo. Kisha bembeza mabega kama vile unasukuma. Usijaribu kuuinua mpira. Uso wa fimbo umelala na kazi hiyo ni yake.

Sasa fimbo gani? Ipo hesabu ya zamani ambayo wachezaji huiita kanuni ya 12, na mimi sijaona nyepesi kuliko hiyo. Chagua mahali pa kuangukia, hatua moja ndani ya grini. Hesabu hatua kutoka mpirani hadi hapo: hilo ni fungu moja. Hesabu hatua kutoka hapo hadi shimoni, uone ni mafungu mangapi. Toa mafungu hayo kwenye 12, jibu ndilo jina la fimbo. Weji ya kawaida ihesabu kuwa 10.

Mfano: hatua 3 za kuruka, hatua 9 za kubingirika. Tisa ndani yake mna tatu mara tatu. Kumi na mbili toa tatu, tisa: chukua aini 9. Mfano mwingine: hatua 2 za kuruka, 10 za kubingirika. Mafungu matano, kwa hiyo aini 7.

Hesabu hii ni ya grini tambarare. Mlima, chukua fimbo ya nambari ndogo zaidi. Mteremko, nambari kubwa zaidi. Grini iliyolowa mvua nayo ihesabu kama mlima.

Mazoezini tandika kanga pale pa kuangukia na usahau shimo. Mpira ukigusa kanga, umefaulu, popote utakapoishia.

4. Mkwaju wa juu, kwa shida tu

Unauhitaji pale ambapo baina yako na shimo pana kitu: banka, maji, kichaka. Chukua weji ya mchanga, tanua miguu kidogo, mpira uwe katikati.

Usibadilishe nguvu, badilisha urefu wa kurudisha fimbo. Tumia vipimo vitatu: mikono ifike kiunoni, ifike kifuani, ifike begani. Kila kipimo kipige mipira kumi, pima kwa hatua mpira unaangukia wapi kwa kawaida, andika. Baada ya hapo fanya hivyo kwa weji ya kawaida. Utakuwa na umbali wa aina sita, na kwa anayeanza hiyo ni mali nyingi.

Kosa kubwa hapa ni kurudisha fimbo mbali kisha kuogopa na kupunguza mwendo ukifika mpirani. Fupisha nyuma, kisha nenda mbele bila kusita.

5. Banka: piga mchanga, uache mpira

Nenda pwani, kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa maji. Chora mstari kwa kidole. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu na upige bila mpira. Fimbo iingie mchangani juu ya mstari au mbele yake kidogo, isiwe nyuma. Rudia mpaka ichoke mikono. Ndipo uweke mpira kiasi cha vidole vitatu mbele ya mstari, na upige mstari ule ule.

Mpangilio ni huu: fungua uso wa weji utazame juu, halafu ndipo ushike mpini, maana ukishika kwanza kisha ukapindisha viganja, uso utajifunga wenyewe. Chimbia miguu kidogo. Pitisha fimbo chini ya mpira kama upawa unavyopita chini ya wali sufuriani, na umalize mzunguko hadi mikono ifike juu. Mchanga ndio utakaoutoa mpira.

Mchanga wetu wa pwani, hasa wa mashariki, ni laini kama unga, na fimbo nyembamba chini huzama. Weji yenye kitako kinene ni bora. Mchanga uliolowa mambo hubadilika: usiufungue uso sana, na tegemea mpira utoke kwa kasi zaidi.

Angalizo la kanuni: ndani ya banka usiguse mchanga kwa fimbo mbele wala nyuma ya mpira kabla ya kupiga, na usifanye pigo la majaribio linalogusa mchanga. Jani lililoanguka, tangu 2019, unaweza kuliondoa.

6. Upepo: tazama vilele vya minazi

Kusi ya katikati ya mwaka na kaskazi ya kuanzia Disemba hadi Machi hivi haziko sawa, wala haziji kutoka upande mmoja. Uwanja ule ule unakuwa viwanja viwili. Kitu cha kutazama ni vilele vya minazi, kwa sababu chini ya miti hewa inaweza kuwa imetulia na juu mpira unapelekwa.

Upepo ukikukabili, usiongeze nguvu. Nguvu huuzungusha mpira zaidi, unapanda, kisha unasimama hewani. Chukua fimbo ya nambari ndogo zaidi na ubembee taratibu. Karibu na grini, siku ya upepo, mkwaju wa juu usahau kabisa isipokuwa huna njia nyingine.

7. Namna ya kuamua

Hapa ndipo mikwaju mingi inapopotea, na haihitaji mazoezi ya mwili. Ukifika kwenye mpira, kabla hujagusa mkoba, jiulize kwa utaratibu huu:

*Mpira umelalaje?* Ukiwa juu ya majani, una uhuru. Ukiwa umezama, au kwenye ardhi ngumu isiyo na jani, mkwaju wa juu umeshakufa. Usiufikirie.

*Naweza kuusukuma?* Ukiweza kutumia fimbo ya kusukumia, hata ukiwa nje ya grini, itumie. Ukishindwa, bingirisha. Ukishindwa kubingirisha, ndipo uinue. Kwa utaratibu huo huo, kila mara. Mkwaju mbaya wa kusukuma mara nyingi bado unakuacha karibu kuliko mkwaju mbaya wa kuinua.

*Nikikosea, mpira utakuwa wapi?* Bendera ikiwa ukingoni nyuma ya banka, lenga katikati ya grini. Utabaki na safari ndefu ya kusukuma, sawa. Ukilenga bendera na ukapungukiwa kidogo, uko bankani, shimo liko karibu na grini ya kubingirishia huna.

*Kati ya mara kumi, nitafaulu ngapi?* Chini ya saba, tafuta mkwaju mwingine. Jibu kwa mujibu wa mazoezi yako ya wiki iliyopita. Ule mkwaju mmoja uliokutoka vizuri mwaka jana usiuhesabu.

Tuchukue mfano. Shimo la paa 4, yaani mchezaji hodari hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju minne, umeshapiga mmoja, mpira uko nyuma ya mnazi. Mbele pana uwazi mwembamba kuelekea grini. Ukitoa mpira pembeni kwenye majani mafupi, huo ni wa pili. Wa tatu unakaribia grini, wa nne unapanda, miwili ya kusukuma: sita. Ukijaribu kupenya na ukagonga mnazi, mpira unaweza kurudi nyuma yako, na hapo wa tatu unaupigia kichakani. Nane huwa karibu, tisa pia.

Sasa sita ni mbaya? Katika mfumo wa dunia wa handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) ulioanza 2020 kikomo cha juu ni 54, yaani mchezaji mgeni mwenye handikapu hiyo anapewa nyongeza ya mikwaju mitatu kila shimo kwa mashimo 18. Kwake yeye paa 4 ni kama 7. Kwa sita yake amefanya vizuri kuliko alivyotarajiwa! Andika paa yako binafsi kwenye kadi kabla ya kuanza, utaona tamaa inapungua.

Na ujue mlango wa kutokea. Mpira usiochezeka unaweza kuutangaza hivyo na kuuangusha ndani ya urefu wa fimbo mbili, usisogee karibu zaidi na shimo, kwa adhabu ya mkwaju mmoja. Kuangusha ni kutoka usawa wa goti. Kwenye banka kuna njia ya kutoka nje kabisa, ila hiyo ni mikwaju miwili. Kwa ambaye bado hajaweza hatua ya 5, miwili mara nyingine ni nafuu. Mpira uliopotea unautafuta dakika tatu tu. Wachezaji wenzako nyuma wanasubiri.

8. Ratiba fupi

Siku tatu kwa wiki, baada ya alasiri jua likishapoa. Nusu ya muda iende kwenye kusukuma na mkwaju wa chini. Banka mara moja kwa wiki, pwani ikiwa imekupwa. Tumia mpira mmoja badala ya kumi: piga, ufuate, umalizie mpaka uingie, kwa sababu uwanjani hakuna anayekupa mpira wa pili wa kujaribia.

Yakikwama

*Fimbo inachimba ardhi kabla ya mpira.* Uzito umerudi mguu wa kulia. Piga mipira kadhaa ukiwa umeinua kisigino cha kulia. Huwezi kurudi nyuma hata ukitaka.

*Mpira unakwenda chinichini kwa kasi na kupita grini.* Unajaribu kuuinua kwa viganja. Shika fimbo kwa wepesi, kifundo cha mkono wa kushoto kibaki kimenyooka hadi mpira umeondoka.

*Mpira unachomoka kulia kabisa.* Umeupiga kwa shingo ya fimbo. Umesimama karibu mno au uzito umekwenda vidoleni. Weka mpira mwingine nje ya mpira wako, vidole viwili mbali nao, na upige wa ndani bila kugusa wa nje.

*Nasukuma vizuri nyumbani, kwenye grini nashindwa.* Kasi ya zulia lako ni tofauti. Kabla ya shimo la kwanza sukuma mipira michache ya mbali kwanza, ya karibu baadaye.

*Nakosa za hatua moja.* Kichwa kinafuata mpira. Sukuma ukiwa unatazama chini, na usikilize mlio wa kuingia.

*Niache bendera au niitoe?* Tangu 2019 unaruhusiwa kusukuma ikiwa ndani. Ukiwa mbali iache, inasaidia jicho kupima umbali.

*Bankani nimepiga mara tatu sijatoka.* Unasimamisha fimbo ikigusa mchanga. Piga kana kwamba unataka mchanga wenyewe ufike kwenye grini. Ukingo ukiwa mrefu mbele, geuka utoke kwa nyuma au pembeni.

*Mpira umezikwa mchangani, unaonekana nusu tu.* Hapo geuza maelekezo: uso wa fimbo usiufungue, uwe umenyooka au umefungwa kidogo, piga kwa nguvu nyuma ya mpira. Utatoka chini na utakimbia sana, kwa hiyo lenga penye nafasi.